Usisage kila kidonge: vingine vimefungwa kwa gundi ili vitoe dawa taratibu



Katika nyumba zetu nyingi mna mgonjwa anayesagiwa dawa. Mzee ana presha na siku hizi kumeza kumekuwa taabu, basi mkwewe humpondea kidonge kwa vijiko viwili na kukikorogea kwenye uji. Mwingine ana kisukari, anakitafuna kidonge akiamini kwamba kikiingia tumboni kimeshavunjika kitafanya kazi haraka zaidi. Wa tatu anakikata katikati ili dawa ya mwezi mmoja imfikishe miezi miwili. Wote hawa wana nia njema. Lakini kuna vidonge ambavyo ukivisaga unakuwa umempa mgonjwa dawa ya kutwa nzima kwa mara moja, na jambo hilo limewahi kuua.

Katika makala haya tutaeleza vidonge hivyo ni vipi, vimetengenezwaje, gundi inayovifunga inatoka wapi, na nini ufanye kama una mgonjwa asiyeweza kumeza. Aidha, tutagusia matumizi yake katika mwezi wa Ramadhani, na suala la jelatini ambalo huwatia wasiwasi Waislamu wengi.

Ndani ya kidonge hamna dawa peke yake

Watu wengi hudhani kidonge ni dawa iliyoshindiliwa ikawa ngumu, basi. Sivyo. Dawa yenyewe mara nyingi ni sehemu tu ya kidonge. Ndani yake huwekwa vitu vingine vya kuishika isisambaratike, vya kuifanya isinate kwenye mashine, na vya kuamua ivunjike lini ikishafika tumboni.

Katika vidonge vya kawaida, kama vile vingi vya kupunguza maumivu, huwekwa wanga wa mahindi, viazi au muhogo. Wanga huo ukikutana na maji ya tumboni hufyonza na kuvimba, ukakipasua kidonge kwa ndani. Kwa dakika chache tu kidonge kimekuwa unga na dawa inaanza kuingia mwilini.

Katika vidonge vya kutoa dawa taratibu, mtengenezaji hutaka kinyume chake. Huchanganya dawa na gundi ambayo ikilowa haipasuki, bali hugeuka ute mzito. Gundi za namna hii wataalamu huziita polima, maana yake ni kitu ambacho chembe zake zimeungana moja baada ya nyingine kama pete za mnyororo mrefu. Minyororo hiyo ikilowa hujinyoosha, husongamana na kushika maji. Ute unaouona ukiloweka uwatu ni kazi ya polima. Utelezi wa bamia na mlenda ni kazi hiyo hiyo.

Mfano wa madonge ya uji

Ili ufahamu kidonge hiki kinavyofanya kazi, fikiria uji uliokorogwa vibaya ukafanya madonge. Ukilichukua donge moja na kulipasua, utakuta nje limeiva na kuwa ute unaonata, lakini ndani mna unga mkavu ambao haujaguswa na maji. Ute wa nje ndio uliouzuia maji yasiingie ndani. Utalichemsha donge hilo muda mrefu, na bado litaisha kidogo kidogo kutoka nje kwenda ndani.

Kidonge cha taratibu ni donge la namna hiyo lililotengenezwa kwa makusudi na kwa kipimo. Ukishakimeza, sehemu ya juu hulowa na kuwa ute ndani ya dakika chache. Maji hupenya polepole katika ute huo, huyeyusha dawa iliyo karibu, na dawa hiyo hujipenyeza kutoka nje. Wakati huo huo ute wa nje kabisa unachujuka na kuondoka, na sehemu kavu iliyo ndani inapata zamu yake kulowa. Kazi hii huendelea saa nane, kumi na mbili, hata ishirini na nne, kwa kutegemea aina ya gundi na kiasi chake.

Hivyo basi, gundi ile ni sehemu ya dozi. Kwenye pakiti pameandikwa idadi ya miligramu, lakini saa ambazo miligramu hizo zitatumia kuingia mwilini zimeandikwa katika gundi. Anayekisaga kidonge hupata miligramu zote zilizoandikwa, ila saa amezifuta.

Gundi hizi zinatoka wapi?

Nyingi zinatoka katika vitu vya asili, na baadhi yake tunavijua.

Kwanza, mwani. Mwani wa rangi ya kahawia unaoota katika bahari za baridi hutoa alginati, ambayo mkemia Mwingereza E. C. C. Stanford aliieleza mwaka 1881. Alginati ina tabia ya pekee: katika asidi ya tumbo huwa ngumu na haiyeyuki, lakini ikishuka kwenye utumbo ambako asidi imepungua huvimba na kulainika. Ndiyo maana hutumika pia katika dawa za kiungulia, ambapo huelea juu ya vitu vilivyomo tumboni na kuzuia asidi isipande kooni.

Mwani mwekundu unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba ni wa jamii nyingine. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mwani huu hutoa karagini. Karagini huingia katika dawa za meno, aiskrimu na maziwa ya pakiti, na viwanda vya dawa huitumia pia kushikisha ute, yakiwemo maganda ya kapsuli zisizo na kitu cha mnyama.

Pili, mbegu. Kuna zao la jamii ya kunde liitwalo guar, linalolimwa zaidi India na Pakistan. Unga wa mbegu zake ukitiwa majini huwa mzito ajabu. Polima iliyomo ni ya ukoo mmoja na ile ya uwatu. Vilevile watafiti wamejaribu maabara kokwa za ukwaju, utelezi wa bamia na utomvu wa mkorosho, na kuona kwamba vyote vinaweza kuichelewesha dawa kutoka.

Tatu, bakteria. Katika miaka ya 1950 maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Peoria, Illinois, iligundua kwamba bakteria mmoja anayeshambulia kabichi hutengeneza ute mzito. Ute huo huitwa zanthani, na mwaka 1969 uliruhusiwa kutumika katika chakula nchini humo. Leo ni moja ya gundi zinazotumika katika vidonge vya taratibu.

Nne, magamba ya kamba na kaa, ambayo hutoa kitosani. Hii ni kinyume cha alginati, maana huyeyuka katika asidi na kugoma mahali pasipo na asidi. Watafiti huzichanganya mbili hizi ili moja izibe udhaifu wa nyingine.

Mwisho ni selulosi, yaani nyuzi za miti na pamba. Selulosi yenyewe haiyeyuki katika maji, hivyo viwandani huigeuza kidogo kwa kemikali hadi ikubali kulowa na kuwa ute. Hiyo iliyogeuzwa huitwa hipromelozi. Hatuwezi kuiita ya asili moja kwa moja, lakini chimbuko lake ni mti, na ndiyo inayotumika zaidi kuliko zote katika vidonge vya aina hii.

Si kila gundi ya asili inachelewesha dawa. Gundi ya mgunga, ambayo Sudan ndiyo inayoongoza kuiuza duniani, huyeyuka upesi katika maji. Viwanda huitumia kushikisha chembe za kidonge na kuchanganya mafuta na maji, lakini ikiwa peke yake haiwezi kuishikilia dawa kwa saa kumi na mbili.

Kwa nini dawa icheleweshwe?

Kila dawa ina kiwango chake katika damu. Ikipungua chini ya kiwango hicho haitibu, na ikizidi inadhuru. Kidonge cha kawaida hupandisha dawa juu haraka, kisha ini na figo huiondoa na kiwango kikashuka, nawe ukalazimika kumeza tena. Ndipo unapoandikiwa 1x3 au 2x3. Watu wengi husahau kidonge cha mchana, na wengine hupata madhara kila dawa inapopanda.

Tuchukue metformin, dawa ya kisukari inayotumiwa na watu wengi. Ile ya kawaida humezwa mara mbili au tatu kwa siku na hufikia kilele chake katika damu kiasi cha saa mbili hadi tatu. Ile ya taratibu humezwa mara moja, kwa kawaida pamoja na chakula cha jioni, na kilele chake hufika kiasi cha saa saba. Aghalabu wanaoharishwa au kuchafukwa na tumbo kwa ile ya kawaida huvumilia hii ya taratibu vizuri zaidi. Sharti la chakula nalo lina sababu: metformin hufyonzwa zaidi katika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na chakula hukichelewesha kidonge tumboni ili dawa iteremke hapo kidogo kidogo. Anayeimeza tumbo tupu huhatarisha kidonge kupita mahali pake kabla hakijamaliza kazi.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1952 kampuni ya Smith, Kline & French ya Marekani ilianza kuuza kapsuli yenye punje ndogo ndogo zilizopakwa tabaka la nta la unene mbalimbali, ili baadhi ziyeyuke mapema na nyingine zichelewe. Tangu wakati huo namna za kuichelewesha dawa zimekuwa nyingi, lakini zote zina sharti moja: kidonge kifike tumboni kikiwa kizima.

Kinachotokea ukikisaga

Ukikisaga kidonge cha taratibu, gundi hupoteza umbo lake. Badala ya donge moja lenye ute nje na ukavu ndani, unakuwa na chembe elfu ambazo kila moja inalowa hapo hapo. Dawa ya saa 24 hutoka ndani ya muda mfupi. Mgonjwa hupata madhara mawili: kwanza dawa inamzidi, kisha baada ya saa kadhaa inamwishia na anabaki bila kinga hadi kesho yake.

Chukua mfano wa nifedipine, dawa ya presha iliyozoeleka sana katika nchi zetu. Dawa hii huondoka mwilini haraka, nusu yake huisha kwa kiasi cha saa mbili, ndiyo maana hutengenezwa ya taratibu. Zamani madaktari katika nchi nyingi walikuwa wakimtobolea mgonjwa kapsuli ya nifedipine ya haraka ili presha iliyopanda sana ishuke papo hapo. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la JAMA la Marekani wakitaka utaratibu huo usimamishwe, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakishushwa presha ghafla, na baadhi yao kupata kiharusi, mshtuko wa moyo na hata kufariki. Anayesaga nifedipine ya taratibu anairudisha hatari hiyo nyumbani kwake bila kujua, tena kwa dozi iliyokusudiwa saa nyingi.

Jambo hili huwapata hata wahudumu wa afya. Mwaka 2003 jarida jingine la kitabibu la Marekani lilieleza kisa cha mgonjwa aliyelazwa hospitali ambaye alipewa nifedipine ya taratibu ikiwa imesagwa, pamoja na dawa nyingine ya presha iitwayo labetalol, kupitia mpira wa puani. Presha ilianguka, mapigo ya moyo yakapungua, na mgonjwa huyo akafariki. Tunakitaja kisa hiki kwa ajili ya familia zinazomlisha mgonjwa wa kiharusi kwa mpira nyumbani. Kabla hujapitisha dawa yoyote katika mpira, uliza kwanza.

Dawa nyingine zenye hatari ya namna hii ni zile za maumivu makali za jamii ya morfini, ambazo zikitoka zote kwa pamoja huweza kuzuia pumzi. Za pumu kama theophylline, ambazo zikizidi huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Na gliclazide ya kisukari, ambayo huweza kushusha sukari mno.

Gliclazide inatufundisha jambo jingine pia. Kidonge chake cha taratibu cha miligramu 30 hutumika mahali pa kile cha kawaida cha miligramu 80. Kwa hiyo usilinganishe vidonge kwa kuangalia namba peke yake, wala usiazime dawa ya jirani kwa kuwa jina linafanana na la kwako.

Cha asili nacho chaweza kudhuru

Huenda ndugu msomaji ukasema: kama gundi hizi ni za mbegu na mwani, basi hazina neno. La hasha. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya vidonge vya kupunguza unene vilivyoitwa Cal-Ban 3000, vilivyotengenezwa kwa gundi ya guar. Nia ilikuwa gundi ivimbe tumboni mtu ajione ameshiba. Lakini kwa baadhi ya watu ilivimbia kooni ikaziba njia ya chakula, wengine wakalazimika kulazwa, na kifo kiliripotiwa. Tangu hapo gundi hiyo haikuruhusiwa tena kuuzwa huko kama dawa ya kupunguza unene.

Fundisho ni kwamba gundi inayovimba lazima ishuke hadi tumboni kabla haijavimba. Kwa hiyo kidonge cha taratibu kimezwe ukiwa umekaa wima au umesimama, kwa glasi nzima ya maji, wala usilale papo hapo. Kumeza kwa mate au kwa funda moja la chai si salama. Aidha, jihadhari na unga au vidonge vya "asili" vinavyouzwa mitaani kwa ajili ya kupunguza tumbo.

Utakitambuaje?

Angalia herufi zilizo baada ya jina la dawa kwenye pakiti. Ukiona SR, XR, ER, XL, MR, CR, LA au neno "retard", fahamu kwamba dawa hiyo inatoka taratibu. Ukiona EC, kidonge kimepakwa ganda la kukizuia kisiyeyuke tumboni hadi kifike kwenye utumbo, nacho hakisagwi pia. Lakini usitegemee herufi peke yake, kwani baadhi ya dawa hazina herufi hizo. Dokezo jingine ni kuandikiwa mara moja kwa siku dawa ambayo mwenzako huimeza mara tatu.

Hapa pana tatizo letu kubwa. Katika maduka mengi dawa huhesabiwa na kutiwa katika kijimfuko, juu yake pakaandikwa 1x1 basi. Pakiti yenye herufi zile imebaki dukani. Una haki ya kuomba jina kamili la dawa liandikwe, na kumuuliza mfamasia swali hili fupi: "Je, kidonge hiki chaweza kusagwa au kukatwa?" Liulize kila unapobadilishiwa dawa, maana leo waweza kupewa ya kawaida na mwezi ujao ukapewa ya taratibu ya kampuni nyingine.

Jambo jingine lisikutishe. Baadhi ya wagonjwa huona katika choo kitu laini kinachofanana na kidonge walichomeza, wakadhani dawa haikufanya kazi, wakaongeza kingine. Mara nyingi hilo ni ganda la gundi lililobaki baada ya dawa kutoka. Usiongeze dozi. Ila kama unaharisha sana, au sukari na presha hazitulii, mweleze daktari, kwani kidonge chaweza kupita mwilini kabla ya muda wake.

Mgonjwa asiyeweza kumeza afanyeje?

Usimwachishe dawa, wala usiisage. Rudi kwa daktari au mfamasia umweleze hali yake. Zipo njia kadhaa. Dawa nyingine zina aina ya maji. Nyingine zina kidonge cha kawaida ambacho kinaweza kusagwa, ingawa atakimeza mara nyingi zaidi kwa siku. Baadhi ya kapsuli zenye punje ndani huweza kufunguliwa na punje zake kunyunyizwa juu ya chakula laini, kwa sharti kwamba zimezwe bila kutafunwa. Na vipo vidonge vichache vya taratibu vyenye mstari katikati vinavyokubali kukatwa nusu, lakini hata hivyo havisagwi. Lipi linafaa kwa dawa ipi ni swali la mtaalamu, si la kubahatisha nyumbani.

Umesahau kidonge? Usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Dawa ya jana na ya leo zitapishana tumboni na kiwango kitapanda.

Na kama mtu ameshakisaga au kukitafuna kidonge cha taratibu kwa bahati mbaya, usisubiri dalili. Mpeleke kituo cha afya pamoja na pakiti ya dawa, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu madhara ya baadhi ya dawa huchelewa kuonekana.

Mwezi wa Ramadhani

Kila Ramadhani inapokaribia wapo wagonjwa wanaojipangia dawa wenyewe. Aliyekuwa akimeza 1x3 hukusanya vidonge vitatu na kuvimeza wakati wa futari. Huko ni kujizidishia dozi. Vidonge vya taratibu vinaweza kuwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa sababu humezwa mara moja. Miongozo ya kisukari na Ramadhani iliyotolewa mwaka 2021 na shirikisho la kimataifa la kisukari, IDF, pamoja na ushirika wa DAR, inaeleza kwamba mwenye kutumia metformin ya taratibu huimeza wakati wa futari. Gliclazide ya mara moja kwa siku nayo huhamishiwa futari, lakini daktari huenda akaipunguza dozi kwa mgonjwa ambaye sukari yake imetulia.

Mabadiliko haya yafanywe na daktari, na miongozo hiyo inashauri umwone wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuingia. Wapo wagonjwa ambao baada ya kupimwa wataelezwa kwamba kufunga kutawadhuru, nao washauriane na daktari wao pamoja na sheikh wao.

Wengine huuliza kama kidonge kilichomezwa daku huathiri funga kwa kuwa kinaendelea kutoa dawa mchana. Kwa upande wa tiba tunachoweza kusema ni kwamba kidonge hicho kimeshaingia tumboni kabla ya alfajiri, kama chakula cha daku ambacho nacho huendelea kusagwa mchana. Mwenye kutaka ufafanuzi wa hukumu awaulize maulamaa.

Suala la jelatini

Jelatini nayo ni polima ya asili. Hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, na ndiyo hutengeneza maganda ya kapsuli nyingi. Ukimweka mkononi mtu kapsuli, hawezi kujua kwa macho ni ya mnyama gani. Njia ni kusoma karatasi iliyomo ndani ya pakiti au kumuuliza mfamasia. Ukiona hipromelozi, basi ganda hilo ni la chimbuko la mti. Kwa dawa nyingi pia hupatikana kidonge kisicho na ganda la kapsuli. Hukumu yake tunawaachia wenye elimu ya fiqhi. Sisi tunasisitiza mambo mawili: usiache dawa kimya kimya kwa ajili ya shaka, na usiifungue kapsuli ukamwaga ganda na kunywa unga kabla hujauliza, maana huenda punje za ndani ndizo zenye kazi ya kuichelewesha dawa.

Usafi na utunzaji

Gundi inayopenda maji hufyonza hata unyevu wa hewa, na pwani yetu ina unyevu mwingi. Acha kidonge katika pakiti yake hadi wakati wa kukimeza. Usitunze dawa bafuni, wala juu ya friji, wala karibu na jiko. Kausha mikono kabla ya kukishika. Kidonge kilichovimba, kilicholainika, kilichobadilika rangi au kupasuka kisitumike, kwani gundi yake imeshaanza kazi kabla hakijaingia mwilini. Kinu na vijiko vya kusagia dawa zilizoruhusiwa vioshwe na kukaushwa kila mara, ili mabaki ya dawa ya mzee yasiingie katika chakula cha mtoto.

Ndugu msomaji, leo jioni kusanya dawa zote za wazee waliomo nyumbani kwako. Soma majina pamoja na herufi zilizofuata. Palipo na kijimfuko kisicho na jina, kipeleke kwa mfamasia kesho akuandikie. Kisha mwulize anayemhudumia mzee namna anavyompa dawa zake. Huenda bila kukusudia anamsagia kidonge ambacho hakikutakiwa kusagwa.